Ugonjwa Uliojua Siku za Kazi

Tulimzika Agnesi kwao Liuli, siku ya Alhamisi, mvua ikiwa imekatika asubuhi hiyohiyo, na udongo wa kaburi ulikuwa mzito hata vijana wakapokezana majembe mara nyingi. Wengi waliokuwapo hawakunijua. Waliona bibi mmoja aliyeshuka kutoka Mbinga na mkoba wake, akakaa kwenye mkeka pamoja na akina mama wengine, akala ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lile, kama wao. Matanga yalipotulia, binti mkubwa wa marehemu, Edita, alikuja akapiga goti, akaniamkia, kisha akakaa karibu nami. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumsumbua mgeni. "Mama mkubwa, wewe ulifanya kazi na mama. Aliugua nini? Tangu nipate akili namwona anahema. Watu wanasema sigara, na mama hakuvuta sigara hata siku moja." Nilimwambia tutaongea. Hatukuongea. Asubuhi yake nilipanda gari, nikarudi milimani, na tangu hapo nimekuwa nikikaa mezani na karatasi hizi, kwa sababu jibu ninalo, nimekuwa nalo miaka yote, na sehemu ya jibu hilo ni mimi.

Nitasimulia mwaka mmoja tu. Nilikozaliwa na jinsi nilivyolelewa havina uzito hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, natoka Litumbandyosi, nimemaliza darasa la nane, na nilitaka sana kuwa mtu fulani. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati kila kitu kilikuwa kinaanza na kila kitu tuliambiwa ni chetu. Wakulima wa kahawa wa milimani walikuwa wanamenya kahawa kwa mashine za mkono zilizotoka ng'ambo, na zikivunjika ziliachwa zilale. Ikaamuliwa tutengeneze zetu. Mitambo ya karakana ililetwa kwa meli, ikateremshwa ufukoni kusini kidogo ya Mbamba Bay, ikangoja malori. Malori hayakuja, kwa sababu barabara ya kupanda Mbinga ilikuwa imekatwa na mvua sehemu tatu. Mitambo ikakaa chini ya maturubai mpaka ikaanza kupata kutu, na mwishowe wakubwa wakasema basi, karakana ijengwe palepale. Ndivyo sisi wa milimani tulivyoteremka kwenye joto la ziwani kufanya kazi kwa ajili ya kahawa iliyoota kwetu, kwenye baridi.

Lilikuwa jengo refu la tofali za kuchoma, bati juu, madirisha ya mbao sita upande wa ziwa na sita upande wa mlima. Ndani kulikuwa na mitambo tisa, sakafu ya saruji, na jenereta nje kwenye kibanda chake. Chama kilikuwa kimesema wanawake nao wafundishwe ufundi, na meneja, Ndugu Salehe, mtu mpole kutoka Tanga, alitaka kuonekana ametii, basi akatuchukua wanawake wawili. Mmoja mimi, mwingine Agnesi, Mnyasa wa Liuli, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyozoea kuvuta nyavu na isiyoogopa kitu. Tulipewa mashine za kutoboa. Aliyetufundisha alikuwa fundi mkerezaji, mchongaji wa vyuma kwenye mashine ya kuzungusha, Otmar, Mmatengo wa Mbuji, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyejifunza kazi kwenye karakana ya misheni. Jumapili aliimba besi kanisani, na watu walikuwa wakigeuka kumtazama, kwa sababu sauti ile haikufanana na mwili wake mwembamba. Alikuwa na subira. Alinishika mkono mara mia, akaniambia nisikilize chuma, kwamba chuma kinalalamika kabla hakijavunjika. Nilimwita Kaka Otmar. Yeye aliniita Wini, ingawa jina langu la ubatizo ni Winfrida.

Chuma kinapokatwa hupata moto. Ili kisu kisiungue, kulikuwa na mafuta maalumu yaliyochanganywa na maji, na mchanganyiko huo ukawa mweupe. Sisi tuliuita maziwa. Pampu ndogo iliyapandisha maziwa kutoka kwenye tangi la chini, yakamiminika juu ya chuma, yakarudi tangini, yakapandishwa tena. Lakini chuma kinachozunguka kwa kasi hakimwagiwi maji yakatulia. Maziwa yalipasuka, yakawa manyunyu, na manyunyu yakawa ukungu mwembamba uliokaa hewani usishuke. Asubuhi jua lilipoingia kwa madirisha ya mlimani uliweza kuuona ukizunguka polepole, na siku za kwanza mimi niliuona mzuri. Ulinikumbusha asubuhi za nyumbani, ukungu ukiwa umelala kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani. Nilimwuliza Kaka Otmar kama una madhara. Alinijibu kwamba moshi ndio mbaya, vumbi ndilo baya, haya ni maji tu. Aliamini hivyo. Na kazi yetu, tukiilinganisha na ya wanaochimba barabara juani, ilionekana kazi safi.

Mimi na Agnesi tulipanga chumba kimoja kwa mjane mmoja wa Kinyasa tuliyemwita Bibi. Vitanda viwili vya kamba, dirisha dogo, ukuta wa udongo ambao haukuzuia hata neno moja. Jioni tulikuta Bibi amekwisha kuanika usipa, na kama mkwewe amebahatika alitubakizia kipande cha samaki mbasa, tukala tumekaa kwenye kizingiti, miguu nje. Sikuwahi kula samaki wengi kiasi kile. Agnesi alinicheka nilivyochambua miiba kama mtu anayechambua maharage. Nakumbuka pia kwamba chakula kilianza kupoteza ladha yake. Mafuta yale yalikaa kwenye nywele, kwenye khanga, kwenye ngozi ya mikono, hata ugali ulinuka karakana. Bibi alituambia tuoge ziwani kabla ya kuingia ndani. Tulioga, tukajisugua kwa mchanga, na bado harufu ilibaki, kana kwamba ilikuwa inatoka ndani yetu.

Mwezi wa tano upepo wa mwera ulianza kuvuma kutoka kusini, na mwaka ule ulivuma vibaya. Mchanga uliingia kwa madirisha ya ziwani, ukakaa kwenye mashine, na mashine moja ikasagika vyuma vyake ikawa haifai. Siku mbili baadaye alifika kiongozi kutoka mkoani. Alipitisha kidole juu ya mashine, akakitazama, akamtazama meneja. Alisema tu kwamba mavuno ya kahawa yanakaribia na wakulima wameahidiwa. Alipoondoka, Ndugu Salehe aliagiza madirisha yote kumi na mawili yafungwe na kupigiliwa mbao, na taa ziwake mchana kutwa. Akaagiza pia tuanze kuingia mapema na kutoka jioni, Jumamosi nzima ikiwemo. Wala sikumlaumu. Sote tulishangilia, tukaimba wakati mbao zinapigiliwa, kwa sababu tulikuwa tunajenga nchi na adui yetu siku ile alikuwa mchanga.

Homa ilianza wiki ya tatu. Ilikuja jioni, baada ya kazi, baridi kali mifupani, kichwa, kikohozi kikavu, na kifua kama mtu amekifunga kamba. Kwanza tuliugua sisi wa milimani, na Wanyasa wakatucheka kwa upole, wakasema Wamatengo hamuwezi mbu wa ziwani. Mganga wa zahanati alitupa klorokwini. Tulimeza, masikio yakavuma, ngozi ikawasha, na asubuhi tukaamka afadhali tukaenda kazini, na jioni homa ikarudi. Wengine waliacha. Mmoja alichukuliwa na ndugu zake wakiwa na hakika amerogwa na mtu aliyetaka nafasi yake. Usiku nikilala nilimsikia Bibi ng'ambo ya ukuta akimwambia mkwewe kwamba wapangaji wake wana kifua kikuu, na kwamba atatuambia tuhame ila anaona aibu. Kesho yake vikombe vyetu vilikuwa vimewekwa peke yavyo. Agnesi alichukua kikombe chake, akakiosha, akakirudisha palepale alipokitenga Bibi, na jioni ile, yeye aliyezaliwa ufukoni na kukua na mbu, alitetemeka chini ya blanketi mbili, meno yakigongana.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Otmar. Mashine yake ndiyo iliyozunguka kwa kasi zaidi, na alikuwa akiinama juu yake, uso shubiri mbili kutoka kwenye chuma, ili asikie. Mwezi wa sita alikuwa amekonda mpaka mkanda umezunguka nusu kiuno kupita tundu la mwisho. Mkewe, Hilda, aliyekuwa amekuja kumtunza, alimpeleka hospitali ya misheni, na sista wa hospitali akampima makohozi mara tatu, akampiga picha, akasema si kifua kikuu, lakini mapafu si mazuri, na hajui. Alimwuliza kama anafuga njiwa au analala kwenye majani yaliyooza. Otmar akajibu hapana, wakarudi. Kanisani Otmar aliendelea kusimama na besi, ila sasa alifungua mdomo tu. Mimi niliyekaa upande wa wanawake niliona kifua chake kikipanda na kushuka bila sauti kutoka, na niliinamisha kichwa kama watu tunavyofanya tunapomwona mtu mzima analia.

Kisha, mwezi wa saba, dizeli ya jenereta iliisha. Lori la kuileta lilikwama, na kwa siku kumi na mbili karakana ilikuwa kimya. Tulifagia, tulipaka rangi, tulimsaidia Bibi kuvuna muhogo. Siku ya tatu nililala bila homa. Siku ya tano nilihisi njaa, njaa ya kweli, nikala samaki nikasikia ni samaki. Siku ya nane Otmar alitembea kutoka kwake hadi kwetu, akafika bila kupumzika njiani, akakaa kizingitini akicheka kwa mshangao. Dizeli ikafika Jumamosi. Jumatatu tulipofungua mlango, tangi la maziwa lililokuwa limekaa siku zote zile lilinuka kama maji ya maua yaliyosahaulika altareni, na juu yake palikuwa na utando wa kahawia. Tulishauriwa tuongeze maji, kwa sababu mafuta mapya hayakuwapo, na tukaongeza maji ya ziwa, ndoo sita, kama tulivyokuwa tukifanya tangu mwanzo. Pampu ikawashwa. Kufikia jioni nilikuwa kitandani natetemeka. Agnesi, naye chini ya blanketi zake, alisema maneno ambayo sijayasahau, akiyasema taratibu, pumzi kwa pumzi: "Wini, malaria haijui Jumapili. Ugonjwa huu unajua siku za kazi."

Ninapoandika sasa, najua kwamba wapo mahali wasomi wanaoujua ugonjwa ule, wana jina lake, na wanajua kwamba katika maji yale yaliyooza huota vitu visivyoonekana, na ukivivuta siku baada ya siku mapafu hukasirika mpaka yanakuwa magumu kama ngozi. Niliyasoma hayo uzeeni. Lakini sitaki kujificha nyuma ya kutojua. Agnesi alijua jioni ile, bila kitabu. Na kuanzia jioni ile nilijua mimi pia.

Tulimwambia Otmar. Akasema lazima lisemwe kwenye mkutano wa wafanyakazi. Redioni tulikuwa tukiambiwa kwamba kiongozi asiwe mbabe na mfanyakazi asiogope kusema. Aliniomba nisimame naye. Alisema mimi ndiye ninayejua kupanga maneno, ndiye niliyekuwa nikisoma taarifa za kamati ya wafanyakazi mbele ya watu, na kwamba yeye akisema peke yake watasema fundi kachoka. Nilimwahidi. Siku moja kabla ya mkutano, Ndugu Salehe aliniita ofisini. Akanikaribisha kiti, akaniulizia hali, kisha akaniambia kwamba karakana imepewa nafasi moja ya kumpeleka mtu Morogoro kusomea ufundi mwaka mzima, na yeye amependekeza jina langu. Hakuniomba chochote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angeomba. Alinipa mkono tu, akasema nchi inanihitaji.

Mkutano ulifanyika stoo, tumekaa juu ya masanduku. Otmar alisimama. Alieleza homa, alieleza siku kumi na mbili, alieleza harufu ya tangi, na kila maneno matano alisita kuvuta hewa. Aliomba mambo mawili: mbao zitolewe madirishani, na maziwa yamwagwe mpaka mafuta mapya yafike. Mwenyekiti wa kamati alimwuliza kama anajua kusimamisha mashine wakati wa mavuno kunaitwaje. Wengine wakaguna. Ndugu Salehe hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani mwingine anayesema kazi inamwumiza, asimame aonekane. Agnesi alisimama, na alivyosimama alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi mle ndani. Kisha Otmar akageuka, akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la tatu. Nikatazama mikono yangu. Nakumbuka kulikuwa na kidonda kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, ngozi iliyopasuka kwa mafuta, na nilikitazama kidonda kile kana kwamba ndicho kilichoulizwa swali. Mwenyekiti akasubiri, akasema basi, akaandika kwamba ni wawili tu na kazi iendelee. Otmar akakaa. Asubuhi yake alirudi kwenye mashine yake. Hakunilaumu, wala hakuninunia. Alinisalimu kama siku zote, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Agnesi ndiye aliyesema. Jioni ile ya mkutano, tulipofika chumbani, aliniambia: "Wangekufukuza?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi pia sikujua." Kisha akawasha moto, akapika, akanipakulia sahani yangu kwanza kama kawaida yake.

Wiki tatu baadaye, mwezi wa nane, Otmar alianguka. Niliisikia mashine yake kabla sijamwona, chuma kinalia kwa sababu kisu kimeachwa kizame bila mkono wa kukiongoza. Alikuwa amepiga magoti, paji la uso likiegemea kitanda cha mashine, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau, na maziwa yanammwagikia shingoni. Nilizima mashine. Wanaume wakambeba nje, wakamlaza kwenye mchanga, na pale mwera ukivuma usoni mwake alivuta hewa kama mtu anayekunywa maji kwa kiu, ikawa haimtoshi. Hilda alikuja mbio, unga ukiwa mikononi. Mimi niliingia ndani. Nilichukua mtaimbo, nikaenda kwenye dirisha la kwanza upande wa ziwa, nikaanza kung'oa mbao. Sikuwa jasiri. Nilikuwa kama mtu anayefukua kaburi akidhani aliyezikwa bado yuko hai. Agnesi alikuja na nyundo. Tulipofika dirisha la nne Ndugu Salehe alikuwa amesimama nyuma yetu.

Aliniuliza kama najua ninachofanya. Nilimjibu kwamba ninajua, na kwamba nilijua pia siku ya mkutano, nikanyamaza. Kisha nikamwomba jambo moja. "Ndugu Meneja, wewe unapita humu dakika tano unarudi ofisini. Madirisha ya upande wa mlima bado yamefungwa. Simama pale, kwenye mashine ya Otmar, mpaka kengele ya chakula. Ukitoka salama, nitazirudisha mbao hizi mwenyewe." Nilitegemea atanifukuza. Alinitazama, akatazama mlangoni ambako miguu ya Otmar ilionekana juani, akavua koti, akaenda. Agnesi akaiwasha mashine ile, akaendelea na shafti iliyoachwa nusu. Ndugu Salehe alisimama pembeni yake, mikono nyuma, tangu saa tatu hadi saa sita. Miwani yake ilifunga ukungu, akaifuta, ikafunga tena. Shati jeupe liligeuka la kijivu mabegani. Saa moja ilipopita alianza kukohoa, akaficha kikohozi kwenye leso. Kengele ilipolia alitoka na koti lake mkononi, na jioni mpishi wake alituambia bwana amejifunika blanketi anatetemeka na anasema ni uchovu. Siku iliyofuata madirisha yote kumi na mawili yalifunguliwa. Tangi halikumwagwa. Mafuta mapya, alisema, yako njiani, na mavuno hayangoji. Sikuzote hutokea hivyo: mtu mwema hukupa nusu, na ile nusu hukunyang'anya nguvu ya kudai iliyobaki.

Otmar alipandishwa Mbuji na lori la karakana. Niliomba ruhusa mwishoni mwa mwezi wa tisa nikaenda kumwona. Mbuji kulikuwa na baridi na harufu ya maganda ya kahawa mbivu, kila boma watu wakimenya. Hilda alinipokea kwa chai ya tangawizi na viazi, akanionyesha chumba. Otmar alikuwa ameketishwa kitandani, mgongo ukiegemea magunia mawili ya mahindi, kwa sababu akilala anakosa hewa. Mifupa ya mabega ilipanda kila alipovuta pumzi, na mwishoni mwa pumzi ilitoka sauti nyembamba. Aliniuliza kama mashine iliyokuwa ikisikika kwa jirani ni ya karakana yetu. Nilikwenda kuitazama, nikarudi, nikamwambia ndiyo. Akasikiliza kidogo, akasema inahitaji grisi.

Kisha nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na sikuyatumia hata moja. Nilisema tu, Kaka Otmar, nilikuahidi kusimama na sikusimama. Alivuta blanketi hadi kifuani. Alipoongea aliongea kwa vipande, na Hilda mlangoni alisimama kabisa asikie.

"Sikukukasirikia, Wini. Nilijitilia shaka mimi. Nilisema, kama Wini naye amekaa, basi labda ni mwili wangu tu. Labda ninawasumbua watu. Nikarudi kwenye mashine."

Hakusema ili kuniumiza. Alikuwa akinieleza kilichotokea, kama alivyokuwa akinieleza kwa nini kisu kimevunjika. Baadaye aliniuliza nani yuko kwenye mashine yake sasa. Nikamwambia Agnesi, kwamba siku ile aliimaliza shafti yake vizuri, na meneja akampa mashine palepale, mwanamke wa kwanza mkerezaji. Otmar alifumba macho. "Kamtoe," akasema. Nikamwambia nitamtoa. Alifariki siku tisa baada ya mimi kuondoka, na barua ya Hilda ilinikuta nikiwa tayari nimeshapata tarehe ya safari ya Morogoro.

Nilimwambia Agnesi. Nilimwambia mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, akasema madirisha yako wazi sasa na homa imepungua, ambayo ilikuwa kweli, imepungua, haikwisha. Mara ya pili hakucheka. Alisema: "Wewe unakwenda kusoma. Mimi nikitoka hapa nakwenda kuanika usipa. Nimeipata kazi ninayoipenda, Wini, usinitoe kwa mdomo tu." Alikuwa na haki. Maneno matupu hayamtoi mtu kazini. Palihitajika mtu aende kwa meneja na kamati, aseme tangi lisipomwagwa hakuna atakayesimama pale, na akatae kuondoka mpaka limwagwe, hata kama nafasi ya Morogoro itapotea. Nilikwenda hadi mlango wa ofisi. Ndugu Salehe alikuwa na wageni. Nilisubiri kwenye benchi kidogo, nikasikia wanacheka ndani, nikaondoka. Sikurudi.

Agnesi alikaa kwenye mashine ile miaka kumi na mmoja, mpaka karakana ilipofungwa kwa kukosa chuma. Mimi nilifundisha ufundi mijini, nikastaafu, na napumua vizuri. Daktari akinipima anasifu mapafu yangu.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumatatu, lori likingoja juu barabarani kwa sababu halikuweza kushuka kwenye matope. Agnesi alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja anisindikize. Alinikataza nisibebe sanduku, akalitwika kichwani, tukapanda ule mlima mfupi ambao siku za mwanzo za kazi alikuwa akiupanda mbio kunionyesha kwamba watu wa ziwani nao wanajua milima. Alisimama mara ya kwanza, akasema anataka kutazama ziwa. Alisimama mara ya pili, akasema kiatu. Mara ya tatu hakusema sababu. Aliteremsha sanduku, akaweka mikono magotini, na nilisikia pumzi yake, sauti nyembamba mwishoni mwa kila pumzi, sauti ileile ya Mbuji. Aliinua uso, akaniona ninavyomtazama, akatabasamu, akaniambia nisichelewe, dereva hana subira. Nilijitwika sanduku mwenyewe. Nikapanda lori.